Poda Kabla ya Diploma

Mdogo wangu Falone amenichosha, Mungu anisamehe. Wenzake hapa Bunia waliandika mémoire zao za mwisho wa chuo juu ya umeme wa jua. Yeye alichagua mashimo meusi ya mwanzo wa ulimwengu, ambayo huenda yalikuwako kabla ya nyota yoyote! Hayaonekani. Yakigongana, anga lenyewe hutikisika kidogo mno, na mawimbi hayo ya mvutano husafiri mpaka kwetu. Ndiyo anayotaka yasikilizwe, katika mtaa ambao hata redio haisikiki kwa kelele za jenereta.

Mwaka jana jury, yaani maprofesa wanaopima mémoire, ilimrudisha. Ikimkataa tena, chuo hakimpokei, na sombe yote, majani ya muhogo aliyouza mama kulipia masomo tangu tukimbie vita Djugu, imekwenda bure.

Siku ya kuitetea mémoire mbele ya jury tulijaa ukumbini. Tantine Rebecca, dada wa baba, alificha kopo la poda mkobani. Kwetu mtu akifaulu humwagiwa poda kichwani. Akifaulu, nasema! Nilimwonya tangu nyumbani.

Mkuu wa jury, profesa mwenye kununa, akauliza swali la mwisho: “Utajua namna gani kama shimo haikutoka kwa nyota yenye ilikufa?”

Falone aliinamisha kichwa, akifikiri. Tantine akadhani yamekwisha. Akapiga vigelegele, na kabla sijamshika mkono, kopo zima lilikuwa kichwani kwa Falone na kwenye karatasi za profesa.

Niliona aibu mpaka nikakosa pa kutazama. Profesa alipangusa miwani, akaanza kufunga faili. Mama alishika kichwa.

“Profesa, ngoja kwanza,” Falone akasema kwa hasira, mweupe mpaka kope. “Poda iko kwa kichwa yangu, na weye haujatoa hata point moja. Basi haikutoka kwa points, iko ya tantine. Mawimbi itatuambia mashimo iligongana wakati gani. Kama iligongana kabla nyota ya kwanza izaliwe, nyota haiwezi kuwa iliizaa.”

Profesa akamtazama, kisha akafungua faili.

“Mutoke inje, tujadiliane. Na ule mama atoke wa kwanza!”

Alifaulu. Mlangoni Tantine alitikisa kopo, halina kitu, na nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Falone akajipangusa poda kwenye nywele zake, akampaka mama kichwani.

“Hii sasa iko ya diplôme, mama.”