Mteremko wa Pongo

Wanjugu mke wa Munyi alikuwa mtu wa kukasirisha. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wakimsifu wanamfanya malaika, na malaika mimi sijawahi kuchimba naye handaki. Ukienda naye kuni, nyinyi wote mmeshafunga mizigo, yeye bado anazunguka akitafuta zilizokauka zenyewe. Mti mbichi hagusi. Akiona mtego wa waya kichakani, anaufungua, anaukunja, anautia kiondoni, halafu mwenye mtego anakuja kugombana na sisi sote. Shamba lao lilikuwa juu ya Runyenjes, karibu na msitu, na mto ukipita mpakani. Yeye na mumewe waliacha ukanda mzima wa vichaka kando ya maji bila kulima, ati pongo, wale swala wa msituni, na wanyama wengine wapate pa kupita wakija kunywa. Ardhi nzuri hiyo, ya kupanda nduma! Nilimwambia, "Wanjugu, hao pongo watakupalilia maharagwe?" Akacheka tu.

Mambo hayo kama ni Munyi aliyemfundisha, au ni yeye aliyemfundisha Munyi, sijui. Hawakujaliwa mtoto. Sisi wengine tuliitwa kwa watoto wetu, mimi Mama Runji, mwingine mama wa fulani, lakini yeye aliitwa Wanjugu tu mpaka uzeeni. Jioni walikaa wawili mlangoni wakitazama pongo wakishuka mtoni, na hawasemi kitu. Nikipita hapo naona wivu, nasema kweli. Mume wangu mimi alikuwa mtu wa kelele.

Hali ya Hatari ilipoingia, Munyi aliondoka asubuhi moja akaenda msituni na wenzake kupigana na wakoloni. Hakumuaga hata mkewe, nadhani ili akiulizwa asiwe na la kujibu. Baadaye nyumba zetu zikachomwa, tukakusanywa kijijini, kibanda kwa kibanda, homgadi, wenyeji wenzetu waliolindia serikali, wakiwa langoni na bunduki. Kila kukicha tulitolewa kwenda kuchimba handaki kando ya msitu, ili watu wa msituni wasishuke kutafuta chakula na sisi tusiwapelekee. Kina chake kilimzidi mtu mrefu, na chini tulipanda mianzi iliyochongwa ncha. Wengi tuliochimba ni wanawake. Wanaume walikuwa wamefungwa kambini, au msituni, au ndio hao wenye bunduki.

Hakuna aliyetaka kusimama karibu na Wanjugu. Mke wa mtu wa msituni alikuwa kama upupu, ukimgusa utajikuna wewe. Alikaa kibandani peke yake, akaenda mtoni peke yake, na kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Mimi nilikuwa naye kwa sababu moja tu: Gitari, homgadi aliyesimamia sehemu yetu, alitupanga pamoja, na Gitari hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Sasa, handaki halijui huyu ni mtu na huyu ni mnyama. Wanyama waliozoea kushuka mtoni wakaanza kutumbukia. Tukifika asubuhi tunakuta paa amechomwa na mianzi, au nungunungu anazunguka huko chini hata nguvu zimemwisha. Aliyekufa na aliye hai, wote walikuwa nyama. Nilichukua fungu langu nikala na watoto wangu, na siombi msamaha kwa yeyote, maana njaa ya kile kijiji anaijua aliyelala nayo. Wanjugu hakula. Alinipa fungu lake, nikalila pia.

Kisha akaanguka pongo jike. Mianzi ilikuwa bado haijapandwa hapo kwetu, kwa hiyo alikuwa mzima, lakini kila akiruka ukuta wa upande wa msitu alianguka chali. Sisi tulikuwa wa kwanza kufika. Wanjugu akainama, akamtazama tumboni, chuchu zimejaa maziwa.

"Huyu ana mtoto amemficha huko ng'ambo," akasema, na papo hapo akanyanyua jembe akaanza kubomoa ukingo.

Nikamshika mkono. "We mama, una wazimu? Watatufunga sote wawili."

"Nabomoa upande wa msitu, Mama Runji. Anarudi kwao tu. Upande wa kijiji sijaugusa."

"Mwambie Gitari maneno hayo."

Alibomoa mpaka udongo ukawa mteremko, na yule pongo akapanda, akateleza, akapanda tena, akapotelea majanini. Ningeweza kumpiga.

Na mteremko wenyewe hakuurudisha. Akaulaza vizuri, akatupia mawe na majani, ukiuona utasema mvua ndiyo iliyobomoa. Tulipopanda mianzi, mbele yake akaacha kijia chembamba. Kila jioni kabla ya kurudishwa kijijini alifagia ule udongo kwa tawi, na asubuhi alikuwa wa kwanza kuinama hapo. "Leo amepita nungunungu," ananiambia. "Leo amepita pongo na mtoto wake." Siku hiyo ya mtoto niliyaona meno yake, na tangu Munyi aondoke sikuwa nimeyaona. Nikajikuta na mimi nauliza, "Leo je?" Mtu huzoea ujinga wa mwenzake.

Lakini kuna asubuhi alichelewa kuinuka. Kwato zilikuwepo, amekwisha kuziona, na bado anatafuta.

"Unatafuta nini tena?" nikamuuliza.

"Mguu wa Munyi," akasema. "Wa kushoto hauna kidole gumba, alijikata na jembe. Nitaujua hata matopeni."

Tangu mumewe aingie msituni hakuwa amepata habari yake hata kwa uvumi, kama amekufa, kama amekamatwa, hakuna. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

"Kumbe huu mteremko ni wa Munyi, si wa pongo," nikasema.

"Ni wa pongo. Lakini Munyi akiuona, apite."

"Akipita utanyongwa, Wanjugu."

"Nitakuwa nimejua yuko hai."

Kijiji kile kilikuwa na masikio mengi kuliko watu. Haukupita muda, Gitari akaja na bunduki begani, akasimama juu ya mteremko akautazama. Wanjugu alimweleza yote: maziwa ya pongo, njia ya mtoni, nungunungu waliokufa bure. Munyi hakumtaja. Gitari alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Njia haimuulizi apitaye ni nani," akasema. "Mtu akishuka na gogo lake la kupandia ukuta wa upande huu wa kijiji, kurudi kwake wewe umeshamrahisishia."

"Bwana, naubomoa sasa hivi."

"Usiubomoe. Uache hivyo hivyo. Ufagie kila jioni kama ulivyozoea. Watu wangu watajificha hapo ng'ambo na bunduki. Wakipita wanyama, nitajua ulisema kweli na nitakuacha. Akipita mtu, atalala hapo hapo, na wewe utakwenda kujibu."

Akaenda zake. Wanjugu akakaa chini kwenye udongo. Maisha yake yote alifungua mitego ya watu, na sasa amewekwa kumtegea mume wake mwenyewe.

"Kimbia basi usifagie," nikamwambia, maneno ya kipumbavu, maana tungekimbilia wapi?

"Munyi anajua kazi ya mkono wangu," akasema. "Akiona pamelazwa hivi atajua ni mimi. Atakuja, Mama Runji. Atakuja kwa sababu ni mimi."

Alifagia. Kila jioni alifagia, homgadi amesimama nyuma yake. Na asubuhi yule mtu aliyekuwa akitutangulia wote kwenda kusoma nyayo, sasa alisimama mbali amefumba macho, jembe kifuani. "Nitazamie wewe," ananiambia. Naenda, naangalia, moyo unanidunda kama ni mume wangu. Kwato. Miiba ya nungunungu. Kwato tena. Narudi namwambia, "Wanyama," naye anatoa pumzi, anaanza kuchimba. Alikonda mpaka gauni likawa la mtu mwingine. Githeri nililomletea lilikuwa linachachia kwenye kibuyu. Nilimkaripia, nikamsihi, nikamtukana hata. Wapi! Na usiku alirudi kwenye kile kibanda asiwe na wa kumwambia lolote, maana mimi nina watoto, na langoni wanaangalia nani anaingia kwa nani.

Mvua zikaja zikaisha. Mahindi yakabeba. Asubuhi moja tukamkuta Gitari amekaa ukingoni, bunduki mapajani, anakula ndizi ya kuchoma. Wanawake wote wa sehemu ile wakasimama kutazama.

"Nimewaondoa watu wangu," akamwambia Wanjugu. "Ulisema kweli. Ni pongo na vinungunungu vyako tu. Hakuna mtu aliyepita hapa, hata mmoja."

Wanjugu akautazama udongo alioufagia jana yake.

"Na hatapita," Gitari akaendelea, na wala hakusema kwa ubaya. "Watu wa msituni upande huu wamekwisha. Angebaki mmoja, njaa ingemshusha, na hapa ndipo pepesi kuliko mahali pote. Mteremko wako uache, usaidie wanyama wako. Mimi sina kazi nao tena."

Akatupa ganda, akaenda. Na mteremko wenyewe uko mpaka leo, umeota nyasi, handaki limejifukia nusu, na pongo wanapita hapo kwenda mtoni.

Wanawake walikuja mbio. Wale wale waliokuwa wakimkwepa sasa walimshika mikono, mmoja akampa uji, mwingine akasema siku zote alijua Wanjugu ni mtu safi. Mimi nililia kwa furaha, sifichi. Nilimkumbatia nikahisi mifupa.

"Umepona," nikamwambia. "Mshukuru Mungu, Wanjugu. Hakupita mtu."

"Ndivyo nilivyomwomba," akasema. "Kila asubuhi nikifumba macho nilimwomba Mungu amzuie Munyi asije. Amenisikia."