Pono Bila Ndimu

Katika mwaka wa pili wa shahada yangu ya zuolojia, mhadhiri alitupa kazi ambayo maelezo yake hayakujaza hata dakika moja. Kila mwanafunzi alete kiunzi kizima cha samaki, kiwe kimesafishwa, kimekaushwa na kuunganishwa, na taya na meno yote yawe mahali pake. Kiunzi chenye pengo mdomoni au kooni hakingesahihishwa, na asiyekuwa na kiunzi angerudia somo mwaka uliofuata.

Wenzangu waliguna tu. Walikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza, na kwao mwaka mmoja zaidi haukuwa kitu. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na saba. Nilikuwa karani wa mizigo kwa muda mrefu, na vitabu vya wanyama nilivisoma peke yangu, ukurasa baada ya ukurasa, bila mtu wa kunisahihisha. Nilipopata nafasi chuoni, mkuu wangu wa kazi alikubali kunibadilishia zamu hadi mwisho wa masomo, kwa sharti moja: nisirudie hata somo moja. Alilisema sharti hilo akiwa amesimama, na yeye husimama kwa mambo machache sana.

Kiunzi changu cha kwanza nilikiweka darini ili sisimizi wakile nyama. Kitabu kilisema sisimizi ni wasafishaji wazuri. Hakikusema neno juu ya paka wa Mji wa Kale. Nilipopanda kuangalia nilikuta kichane kimoja cha miba ya mkia, na paka mmoja aliyeniangalia kana kwamba nimechelewa.

Mke wangu alitoa hukumu. "Samaki wa pili mkubwa namna ile haingii nyumba hii kwa ajili ya sisimizi wala paka. Akiingia, ataliwa na watu. Na Ijumaa wazee wangu waja kula, kwa hivyo fikiri vizuri."

Nilifikiri, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba amenipa jibu. Nilikuwa nimewaona wakwe zangu wakila samaki. Mama mkwe angeweza kukimaliza kichwa cha samaki aitwaye changu akabakisha mifupa iliyo mikavu, bila unyuzi hata mmoja wa nyama, huku akizungumza juu ya arusi ya watu wengine. Hakuna sisimizi wa kulinganishwa naye.

Nilikwenda mapema kwa wauza samaki wa Liwatoni nikachagua pono. Nilimtaka pono kwa sababu ya meno yake. Mbele ana mdomo kama wa kasuku, na ndani kabisa ya koo ana mfupa wenye umbo la kijiko, umepangwa safu za meno madogo yaliyobanana. Kwa mfupa huo husaga matumbawe yakawa mchanga. Muuzaji alikuwa ameshanyanyua kisu.

"Usimkate," nikamwambia. "Mapezi yaache. Mashavu usiyaguse. Ukiyang'oa mashavu utang'oa na mfupa wa koo."

Alinitazama, akamtazama pono. "Bwana, huyu wenda kumla au wenda kumposa?"

Nyumbani nilimsafisha mwenyewe kwa mkasi mdogo wa kucha. Kisha nikampa mke wangu masharti ya mapishi. Asikaangwe, kwa maana mafuta huingia ndani ya mfupa. Asitiwe bizari, kwa maana bizari hutia rangi ya manjano isiyotoka. Asitiwe ukwaju wala ndimu, kwa maana ukali wa ndimu hula chokaa ya mfupa. Achemshwe kidogo kwa maji matupu.

"Kwa chumvi?" akauliza.

"Kidogo."

"Wazee wangu watoke Bondeni, wavae, waje kula samaki wa maji na chumvi." Hakuipandisha sauti. "Hicho si chakula cha wageni. Hicho wapelekewa mgonjwa."

Tukaafikiana kwamba kutakuwa na wali wa nazi na mchuzi wa kamba pembeni, ila mchuzi usimguse pono.

Baba mkwe alikuwa mstaafu wa forodha na mtu wa maneno. Kila alasiri hukaa barazani, na mtu akitamka neno ovyo mbele yake humrudisha hadi alitamke sawasawa. Masomo yangu hakuwahi kuyapinga. Aliyashangaa tu. "Mbuzi twamjua," aliwahi kuniambia, "paka twamjua, kunguru ndiye sitaki hata kumjua. Chuoni waongeza nini?" Sikuwa na jibu fupi, na yeye hakupenda majibu marefu yasiyotoka kinywani mwake.

Ijumaa hiyo, baada ya swala, tulikaa mkekani watu wanne. Mbele ya kila mmoja niliweka kisosi cheupe cha kikombe. Nikaeleza kwa adabu zote kwamba wale kwa raha zao, ila kila mwiba na kila mfupa wauweke kisosini, wasitafune mfupa wala wasiutupe.

Mama mkwe alionja. Akatafuna polepole, akamwangalia binti yake, akaniangalia mimi. "Mwanangu, nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, mama. Ni kwa ajili ya mtihani."

"Mtihani kweli," akasema, akaendelea kula.

Kichwa, kama desturi ilivyo, kilikuwa cha baba mkwe. Hilo lilinipa wasiwasi tangu mwanzo, kwa kuwa kichwa ndicho mtihani wenyewe. Lakini mkwe gani atamnyima baba mkwe kichwa cha samaki? Nilikaa nikimwangalia jinsi anavyokula. Alifanya kazi nzuri. Alifyonza shavu, akatoa mfupa mmoja mmoja, akaupanga kisosini. Kuna wakati aliinama, akapitisha kitambaa cha mkononi mdomoni, kisha akaendelea kufyonza kwa ustadi zaidi. Sikulitia maanani.

Ilipoadhiniwa alasiri, nilianza kukusanya visosi kabla mtu hajakumbuka kutupa kitu. Niliponyoosha mkono kwenye kisosi chake, baba mkwe aliupitisha wake juu ya wangu kwa kasi ambayo sikuijua kwake. Alichukua kitu, akakifunga ndani ya kitambaa, akakitia mfukoni mwa kanzu. Nikadhani ni kipande cha nyama. Baada ya hapo hakusema neno. Hakusema alhamdulillahi, hakusema asante, hakuaga. Alinyanyua mkono mlangoni, midomo ameifunga kama mfuko, akaondoka na mama mkwe nyuma yake akiwa amekunja uso.

"Umemtukana baba yangu," mke wangu akasema. "Umemhesabia miba."

Asubuhi iliyofuata niliimimina mifupa kwenye karai la maji ya uvuguvugu na kuanza kuipanga juu ya meza kwa mfano wa kitabu. Mifupa yote ya uso ilikuwepo. Taya zote zilikuwepo. Kisha nikauokota mfupa ambao haumo katika kitabu chochote. Ulikuwa na meno manne. Meno hayo yalikuwa ya mtu, na ufizi wake ulikuwa wa plastiki, rangi ya waridi.

Mfupa wa koo wa pono haukuwepo mezani. Haikuhitaji elimu kubwa kuelewa kilichotokea. Baba mkwe alikuwa na kipande cha meno ya bandia ambacho hakuna aliyekijua katika ukoo, wala binti yake. Alikivua ili afyonze kichwa vizuri, akakiweka kisosini. Aliponiona nakuja, alipapasa safu ya meno akainyakua. Alikuwa ameondoka na meno ya pono, na mimi nimebaki na yake. Tena yake nilikuwa nimeyachanganya na uti wa mgongo.

Siku iliyobaki kabla ya kukabidhi kazi ilikuwa Jumapili tu. Ningeweza kumwendea na kumwambia, "Baba, nina meno yako"? Mtu anayewarudisha watu maneno barazani? Hata kama ningemvua kanzu mbele ya watu, isingekuwa aibu kubwa zaidi. Na bila ule mfupa sikuwa na kiunzi, na bila kiunzi sikuwa na masomo. Nilihitaji kitu ambacho mkwe anaweza kumpelekea mkwewe bila kuulizwa kwa nini. Niliyaosha yale meno, nikayafunga kwa karatasi safi, nikayatia ndani ya kisanduku kidogo cha halua kilichokuwa kitupu, nikakifunga kwa uzi.

Nilipofika Bondeni, baba mkwe alikuwa ndani, si barazani. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kitambaa mdomoni.

"Salaam aleikum, baba."

Alinyanyua mkono.

"Hali yako?"

Alinyanyua mkono tena.

Mama mkwe alitoka jikoni akijipangusa vidole. "Tangu Ijumaa yu hivyo. Nikimuuliza hunionyesha koo. Umemlisha nini baba yenu? Samaki hana chumvi, hana ndimu, mtu lazima apotewe na sauti." Kisha akakiona kisanduku. Uso wake ukabadilika. "Ah! Umeleta halua. Ndivyo mtu anavyoomba radhi. Kahawa iko tayari, ngoja niiweke kwenye sahani."

Akanipokonya kisanduku mkononi kwa ile haki waliyo nayo mama wakwe, akageuka kuelekea jikoni huku akifungua uzi. Nilimtazama baba mkwe nikafanya kitu pekee kilichonijia. Nilijigusa meno.

Macho yake yakawa makubwa. Akasimama. "Lete hapa!" Maneno yalitoka na upepo mwingi.

Mama mkwe akasimama. "Sauti imerudi?"

"Hiyo halua yangu."

"Yetu."

"Yangu peke yangu!"

"Umri wote huu nakupikia," mama mkwe akasema polepole, "leo halua imekuwa yako peke yako?"

Baba mkwe alikwisha kumfikia. Alikichukua kisanduku kwa mikono miwili, akaingia nacho chumbani, akafunga mlango. Mimi na mama mkwe tukabaki tumesimama, bila halua. Akaniambia nikae. Nikakaa.

Mlango ulipofunguka, alitoka mtu mwingine. Alitembea wima, akaketi, akasema kwa matamshi yasiyo na doa, "Ahsante, bwana. Halua ilikuwa nzuri." Kisha akamwomba mkewe kahawa, na mkewe alipoingia jikoni, akainama kwangu na kutoa kitambaa mfukoni. Ndani mlikuwa na mfupa wa koo. Ulikuwa mweupe kama chaki mpya. Kwenye kisosi changu hakukuwa na mfupa mweupe kiasi hicho.

"Niliutumbukiza kwenye glasi yangu pamoja na dawa," akanong'ona. "Mama yenu hakuondoka karibu nami hadi alipolala, na taa sikuwasha. Asubuhi naangalia, naona meno ya jini. Nikasema leo ndiyo leo." Hakuniachia mfupa. Aliugeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Haya yakaa wapi?"

"Kooni, baba."

"Kooni! Yafanya nini kooni?"

"Yasaga mawe ya matumbawe."

"Mawe." Alipitisha kidole juu ya safu za meno. "Na yakilika?"

"Huota mengine nyuma yakasukuma ya mbele. Hayaishi maisha yake yote."

Aliutazama ule mfupa kwa jicho ambalo nisingethubutu kuliita la wivu, lakini sina neno jingine lililo karibu zaidi.

"Maisha yake yote," akasema. "Subhanallah. Samaki!" Akauweka mkononi mwangu, akanikunjia vidole juu yake. "Sasa hayo ndiyo mambo ya kusomea. Kwa nini ulikuwa huniambii haya, waniambia mambo ya mbuzi?"

Sikumkumbusha kwamba mbuzi alikuwa wake.

Mama mkwe alinisindikiza hadi mlangoni. Aliangalia nyuma kuhakikisha mumewe yuko mbali, akaniambia kwa sauti ya chini, "Siku nyingine ukimpa kichwa, mwekee kisosi cha pili cha yale meno yake."

Nilisimama, kiatu kimoja tu mguuni.

"Usimwambie kama najua," akasema. "Afurahi nayo. Na hiyo halua, mwanangu, mimi sijaila."

Jumatatu mhadhiri alipita na rula yake kutoka kiunzi hadi kiunzi. Alifika kwa pono wangu, akahesabu mbavu, akafungua taya, akachungulia kooni. Akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mzee wangu," akasema, "mifupa yote hii ni ya kawaida. Huu wa koo umeung'arisha kwa nini?"

"Kwa dawa ya kuoshea meno ya bandia."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza niliuacha muda gani. Nikajibu kwamba usiku mmoja, glasini, gizani. Akaandika, kisha akawageukia wengine akawaambia watazame, kwani ndani ya dawa hiyo mna kitu kile kile cha kung'arisha mifupa ambacho maabara hununua kwa bei ghali. Nikaona kalamu zinainama. Akaweka alama ya kupita kwenye karatasi yangu, akaenda kwa mwingine.

Niliporudi nilipitia kwa muuza halua. Alinyanyua kisanduku kidogo, kile cha kawaida. Nikamwambia anipe kikubwa, na akifunge kwa uzi ulio rahisi kufunguka.