Mwambie Mama

Mkufunzi wetu wa Nadharia za Elimu aliamini kwamba viti vikipangwa duara, watu huanza kufikiri. Siku ya kwanza ya somo lake pale chuoni Korogwe alitusimamisha, tukaburuta viti mpaka vumbi likatupanda puani, kisha akatangaza kwamba kwake hakuna mtihani. Shangwe! Alama zote zingetokana na majadiliano. Atakayempinga mwenzake kwa hoja, huku akimtazama usoni, atafaulu. Atakayekaa kimya atafeli, kwa sababu kimya, alisema, ni dalili ya akili iliyolala.

Niliinua uso nianze kufaulu. Kiti kilichonitazama kilikuwa cha mama mkwe wangu.

Mama mkwe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kabuku, mimi Mkata, na sote wawili tulipata ruhusa ya masomo mwaka mmoja. Mpaka siku ile tulikuwa tumeishi chuoni kwa amani. Yeye alikaa mstari wa mbele, mimi nyuma kabisa, na akipita ujia mmoja mimi hushika mwingine. Kwetu Handeni mwanamume hamkodolei macho mama mkwe, hali naye sahani moja, wala habishani naye. Likiwapo jambo la lazima, hupitishwa kwa mtu wa katikati, mara nyingi mke. Ni utaratibu mzuri sana. Bahati mbaya haukuwa umeingizwa kwenye mtaala.

Nilimfuata mkufunzi ofisini, nikamweleza kwa adabu zote. Alinisikiliza akitabasamu kama mganga aliyepata mgonjwa wa aina anayoipenda.

"Mwalimu," akasema, "darasani kwangu hakuna wakwe. Kuna wanazuoni."

Nilishukuru kupandishwa cheo. Lakini ruhusa yangu ilikuwa na sharti: nikifeli somo hata moja, safari imeishia hapo, narudi Mkata bila stashahada. Na muhula ulizidi kwenda huku mwanazuoni mimi nikichunguza sakafu ya darasa. Naifahamu sakafu ile kuliko nadharia yoyote.

Kipindi cha mwisho mkufunzi aliamua kunitibu. Alimpa mama mkwe mada, kwamba mtoto hujifunza kwa kugundua mwenyewe, na akaniteua mimi nimpinge. Mama alisimama, akajitanda khanga, akageukia dirisha, akaeleza mada yake vizuri ajabu. Ikafika zamu yangu. Nikamgeukia jirani yangu, jamaa mmoja wa Mombo ambaye hakuwa amefungua kitabu muhula mzima.

"Mwambie mama," nikasema, "mtoto akiachwa agundue mwenyewe, atagundua njia ya kwenye mapera tu."

Jamaa wa Mombo akaelewa mara moja. Akakohoa. "Mama, shikamoo. Mkweo anasema watoto wataishia kwenye mapera."

"Marahaba. Mwambie baba," mama akaliambia dirisha, "aje Kabuku awaone watoto wanaouza machungwa barabarani. Shule hawajaanza, lakini basi likiwa bado mbali wanajua kama litasimama. Nani kawafundisha?"

"Mwambie mama, kila mmoja kafundishwa na kaka yake, aliyemzaba kofi siku alipolikimbilia basi lisilosimama."

Darasa likaangua kicheko. Mama aliinamisha kichwa, akaketi. Nilijua nimevuka mpaka.

Matokeo yalibandikwa ubaoni wiki iliyofuata. Jamaa wa Mombo aliongoza darasa; mkufunzi alimsifu kwa usikivu wa hali ya juu na kipaji cha kuunganisha hoja zinazokinzana. Mama mkwe alifaulu vizuri. Mimi nilifeli, nikiwa na maelezo mafupi: hachangii, hutuma watu.

Jioni ile mke wangu alinipigia simu kutoka nyumbani.

"Mama kanipigia, yuko Kabuku tangu juzi, matokeo hajayaona," akasema. "Anasema nikwambie, lile la kaka mtu umempata. Amelifikiria kwenye basi njia nzima, jibu hana. Tena anasema darasa zima hakuna aliyemsikiliza vizuri kama wewe."

Muhula mzima nilikuwa nikiogopa kumvunjia heshima mwanamke huyu, kumbe yeye alikuwa amefurahi kubishiwa. Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka.

"Kwa hiyo umefaulu?" mke wangu akauliza.

Nikamwambia mama yake ndiye aliyefaulu, mimi nafunga mizigo narudi Mkata. Nikamwomba amfikishie mama habari hizo taratibu.

"Hilo mimi sipeleki," akasema. "Atajua umefeli kwa ajili yake. Mpigie mwenyewe."