Hodi ya Rajabu mezani

Arua, Jumapili jioni, 1994

Juma na wenzangu wa meza,

Leo nimelikaribisha zimwi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mlicheka. Mimi sikucheka.

Ni kweli, mimi ndiye niliyemwambia Juma, tulipotoka kibanda cha video, kwamba filamu ya kutisha haionyeshi zimwi mapema. Inakuacha usikie tu. Nikamshauri asimulie hivyo mchezo wetu wa hadithi na dadu, ambamo yeye ndiye msimulizi na sisi tunaigiza wasafiri.

Basi leo zimwi lilipofika mlangoni, Juma akalipatia sauti ya marehemu kaka yangu Rajabu, akivuta mwisho kama yeye: "Hodi! Iko mutuuu?"

Nikajibu, "Karibu, kaka."

Zubeda alicheka hadi akaangusha dadu. Juma akanitania kwa ushauri ule niliompa, "Mwalimu iko naogopa! Hii mchezo tu, dada."

Juma, filamu haimjui anayeitazama. Wewe unanijua. Ulikula kwetu, na Rajabu alikuachia kiti chake.

Litafutieni zimwi sauti nyingine. Kabla ya hapo sirudi. Anayeona nimekosea aniandikie, na aweke jina lake.

Mkikaa mezani mnikumbuke, na hodi ya Rajabu mniachie mimi.