Gakii wangu hakuwa fundi wa paipu za maji

Leo ni siku ya tano, na mkono wangu bado unachukua simu nimpigie Gakii nimwambie kwamba Gakii amekufa.

Marafiki zangu wa hapa mtandaoni, mmezoea kuniona nikiweka picha za ndizi zangu za Mitunguu na picha za binti yangu. Mnajua mimi hujisifu. Leo pia nitajisifu kidogo, mnivumilie.

Gakii ndiye kifungua mimba wangu. Miaka ishirini na sita. Alikuwa anasomea digrii ya pili ya uhandisi huko Embu, na hakuna mtoto mwingine wa huku kwetu amefika hapo. Nasema tena, hakuna.

Mimi niliacha shule darasa la saba. Kwa hivyo alipokuja nyumbani akaniambia anafanya simulation ya heat pipe, nilishika neno moja tu. Paipu.

Na mnajua Mitunguu. Huku bila paipu ya maji hakuna ndizi, hakuna nyanya, hakuna karo ya mtoto. Nikasema Mungu amenipa mtoto wa paipu.

Alinieleza mpaka akachoka. Tulikuwa jikoni, githeri iko motoni. Akafunua sufuria akanionyesha matone chini ya kifuniko.

"Mami, ona. Maji yamechemka, mvuke umepanda, umepata mahali baridi umerudi kuwa maji. Sasa weka hiyo kitu ndani ya kapaipu ka shaba kadogo kama penseli, uzibe pande zote mbili. Upande mmoja unashika joto la kompyuta, ule mwingine unalitoa nje. Maji yanarudi yenyewe, kama mafuta yakipanda kwa utambi wa koroboi."

"Na pampu iko wapi?"

"Haina pampu."

"Na mdomo?"

"Haina mdomo, Mami."

"Sasa inamwagilia nini?"

Alicheka mpaka akakaa chini kwa gunia la magunzi.

Kazi yake yote ilikuwa kwa laptop. Anachora hiyo paipu, anaiandikia hesabu, anaipatia joto la uongo, anaangalia itabeba joto kiasi gani kabla upande wa moto ukauke. Ikikauka, kifaa kinaungua. Alikuwa anasema, "Afadhali iungue hapa kwangu mara mia, kuliko iungue mara moja ndani ya mashine ya hospitali."

Mimi nikaenda kanisani nikasimama kwa kikundi cha akina mama, nikatangaza kwamba binti yangu ni engineer wa paipu. Jirani yangu Mama Mwenda akaniuliza, "Za plastiki ama za chuma?"

Nikajibu, "Zote."

Mungu anisamehe. Zote.

Gakii alisikia, akaniambia polepole tukiwa njiani, "Mami, wewe utaniletea kazi." Lakini mbele ya watu hakunirekebisha. Tangu akiwa mdogo hajawahi kuniaibisha mbele ya watu.

Wiki jana alikuwa nyumbani, chuo kimefungwa. Mvua ilikuwa imenyesha, na laini kubwa ya maji ikapasuka pale chini ya mashamba. Mwenyekiti wa kamati ya maji akafika hapa kwangu. "Mama Gakii, tumekuja kuomba engineer wetu."

Gakii alikuwa mezani, laptop iko wazi. Akaniangalia. Najua hayo macho yalikuwa yanasema nini. Yalikuwa yanasema, waambie.

Mimi nikasema, "Anakuja saa hii, wacha avae gambuti." Nikampa zangu.

Mtaro wa kufikia hiyo laini ulikuwa umechimbwa kimo cha mtu. Alishuka aangalie. Udongo ulikuwa umeshiba maji, ukaporomoka ukamfunika. Wanaume walichimba na majembe, halafu na mikono. Walipomtoa hakuwa anapumua.

Siwalaumu watu wa kamati. Walikuja kuchukua engineer kwa sababu ni mimi niliwaambia yuko.

Juzi mwalimu wake alitoka Embu kuja kutupa pole. Alifungua kompyuta akanionyesha paipu ya Gakii, nyekundu upande mmoja, inafifia mpaka inakuwa bluu. Akasema huko chuo walitengeneza moja ya shaba ya kweli, wakaipasha moto, na ikabeba joto karibu sawasawa na vile Gakii alikuwa amepata kwa hesabu zake. Mwalimu alikuwa anangoja chuo kifunguliwe amwambie.

Kwa hivyo mtoto wangu amekufa bila kujua kwamba alipata.

Nikamuuliza, "Mwalimu, ni wangapi wanaweza hiyo kazi?" Akasema, "Mama, ni wachache sana." Hilo jibu nimeliweka.

Jana mwenyekiti alirudi na wazee watatu, kofia mkononi. Wanataka laini ikitengenezwa iitwe Laini ya Gakii, na programu ya mazishi iandikwe Mhandisi wa Maji. Waliongea kwa heshima.

Wale mnanijua, mnajua vile ningeipenda. Jina la mtoto wangu kwa bango, kila mtu akipita analisoma.

Nikakataa. Nikawaambia Gakii hakuwa mtu wa maji.

Mwenyekiti akasema, "Lakini Mama Gakii, si ni wewe ulituambia?"

Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Mama Mwenda, aliyekuwa ameketi nasi, akaondoka akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeoshwa.

Gakii, Ijumaa tukikuzika nitasimama mbele ya watu wote niseme kazi yako vile ilikuwa. Nimeiandika kwa karatasi, mwalimu wako amenisaidia na spelling. Nitasema pia ni nani alikutuma kwa huo mtaro.

Nikikosea neno, ni wewe tu ungejua. Na ungenyamaza.

Afadhali ungeniaibisha, mwari wakwa, binti yangu.

Lala sasa. Ni Mami.