Ngata ya Muuza Ndizi

Muuza ndizi wa Matombo habishani kabla hajaitoa kichwani ngata ya kanga anayotwikia tenga. Huikunjua taratibu, akafutia mikono yake yenye weusi wa utomvu wa migomba, akaiweka mapajani. Hapo mumewe hujua kuna mtu ataulizwa swali. Hapazi sauti. Huishusha, hata walio nyuma wakanyamaza ili wasikie.

Ndivyo alivyofanya kwenye mkutano wa wanufaika wa ruzuku ya kaya maskini. Afisa kutoka mjini alikuwa ameeleza utaratibu mpya: fedha ambazo kina mama walizipokea wenyewe, wakanunulia watoto sare na unga, sasa zitaingia kwenye simu ya mkuu wa kaya, yaani baba. Kina mama wakaguna. Ngata ikashuka mapajani. “Mwanangu, sisi tunakataa,” alisema. “Lakini kwanza, baba yeyote ambaye nyumba anayolala iko kwenye ardhi ya ukoo wake, anyooshe mkono.” Upande wa wanaume hakuna mkono ulionyooka. Pale kijijini ardhi hufuata ukoo wa mama, na kila mmoja wao alikuja kuoa akiwa na panga lake na nguo zake tu. Mumewe alitazama vidole vyake, akibana kicheko. Afisa akasubiri walau mkono mmoja, kisha akaahidi kulifikisha pingamizi lao wilayani. “Lifikishe. Na sisi tutakuja kuuliza limefika wapi,” muuza ndizi akamjibu, akimpa chane ya ndizi mbivu. Mumewe akamtwika tenga, halafu akatangulia kilimani, kwa furaha zake, kwenda kufungua mlango wa nyumba ya mkewe.