Nilivyomzibia Mwinshehe Leseni ya Teksi

Nimekosa, ndugu zangu, wala sitafuti wa kunitetea. Jina langu niachieni mwenyewe.

Naendesha teksi hapa Mkuza, Kibaha. Serikali imetoa leseni chache tu kwa upande wetu, nami ni mmoja wa waliobahatika. Basi nikaona barabara yote ni yangu!

Mwinshehe wa Pangani, kijiji jirani hapa hapa Kibaha, rafiki yangu tangu tukisoma chuo kimoja cha Kurani, akanunua motokaa kuukuu, akaomba leseni. Boma la Kisarawe likatuita kwanza sisi wenye teksi, tuulizwe kama abiria wapo wa kutosha kuongeza gari jingine.

Ningesema kweli, kwamba kila siku naacha watu njiani, angepata. Wivu ukanishika! Nikamwambia Bwana Shauri, Mzungu mwamuzi wa boma, "Teksi zilizopo zinatosha, bwana. Hata abiria hatuwapati." Kisha nikaongeza uongo: "Tena huyo Mwinshehe ameshaanza kubeba watu kwa nauli, kwa kificho." Wallahi, alikuwa amewapeleka majirani mazikoni, bure!

Akanyimwa. Akaja kwangu kunihadithia, nikampa pole. Pole! Kwa mdomo huu huu!

Haukupita muda, giaboksi ya gari langu ikavunjika. Gari liko juu ya mawe, mke wangu akashikwa na uchungu. Mkunga akatoka ndani. "Baba, mtoto amekaa vibaya. Mpeleke hospitali Dar es Salaam, mimi nimeshindwa."

Nilikimbia mpaka Pangani. Mwinshehe alikuwa anakula, akauacha wali wake pale pale. Mkewe akamzuia: "Baba Zuhura, leseni huna. Watakukamata!"

"Nampeleka shemeji yangu, sibebi abiria," akajibu, akawasha gari.

Tulifika. Mke wangu akapona, na mtoto pia, alhamdulillahi. Tukiwa njiani kurudi, mimi na Mwinshehe, askari akatusimamisha. Alikuwa ameshaagizwa alitafute gari lile, kwa yale niliyoyasema bomani! Likachukuliwa, na Mwinshehe akapelekwa Kisarawe.

Nikamfuata. Mbele ya Bwana Shauri nikalia kama mtoto. "Hakunitoza hata senti! Na yale ya mwanzo nilisema uongo, bwana, niliogopa atanipunguzia abiria!"

Karani akatafsiri, kisha akanigeukia. "Bwana anasema juzi ulisema anabeba watu kwa nauli, leo unasema habebi. Akuamini lipi?"

Mwinshehe alikuwa amesimama kando ya askari. Akanitazama.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Gari lake halikurudi; langu likatengenezwa. Sasa anakata mkonge kwenye shamba la watu, upande wa Mlandizi. Nikimkuta njiani nasimamisha teksi, namfungulia mlango. Anapita kama haoni. Mke wangu ananiuliza mbona Mwinshehe haji kumwona mtoto. Nimjibu nini?

Nilirudi bomani, nikaomba leseni yangu apewe yeye. Karani akasema leseni haihamishwi. Nikiirudisha inakufa, na nyingine haitolewi. Nimebaki nayo. Naiendeshea teksi, na kila abiria akipanda roho inaniuma!

Wenzangu mnaosoma, mkiitwa bomani kuulizwa habari za riziki ya mwenzenu, semeni kweli siku ile ile ya kwanza. Mimi niliisema siku ya pili, na hakuna aliyeipokea.